Jinsi ya Kuchagua Taa ya Kazi ya LED Inayotumia Betri: Mwongozo Kamili

Boksi la taa ya kazi huwa na namba moja iliyochapwa kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni namba ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Wanunuzi wengi huanza na namba hiyo na kuishia nayo, kisha siku ya kazi hugundua kwamba taa waliyoiamini inawapofusha wao badala ya kuuangaza ukuta, au inafifia kabla mkono wa kwanza wa rangi haujakamilika. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, yaani kwenye kitu kinachofanyiwa kazi: ni mwanga kiasi gani unaopaswa kufika pale, wa rangi gani, kutoka upande upi, na kwa saa ngapi. Aliyekwisha kuyajibu maswali hayo huisoma namba ya lumeni kwa utulivu, na mara nyingi huishia kununua taa ndogo kuliko aliyoikusudia.

Hatua ya 1: Iandike kazi kabla ya kuitazama taa

Chukua karatasi uorodheshe kazi tatu unazozifanya mara nyingi gizani au penye mwanga hafifu. Kwa kila kazi andika ukubwa wa eneo linalohitaji mwanga, umbali ambao taa inaweza kuwekwa, muda ambao kazi huchukua bila mapumziko, na kama mikono yako yote miwili itakuwa na shughuli. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalotenganisha taa ambazo kwa macho ya mnunuzi dukani zinafanana.

Fundi bomba aliyelala chali chini ya sinki hahitaji zaidi ya lumeni 200 au 300 kutoka kwenye taa ya kichwani au taa ndogo yenye sumaku. Ukimpa lumeni 3,000 mahali pale, nusu yake itarudi machoni mwake kutoka kwenye bomba linalong'aa. Mpaka rangi anahitaji mwanga mpana, tulivu na wenye rangi ya kuaminika. Wanaomalizia kumwaga zege jua likiwa limeshazama wanahitaji taa inayosimama juu ya vichwa vyao na kuangaza pande zote. Fundi wa magari anahitaji taa nyembamba inayoweza kuning'inia ndani ya boneti. Hakuna taa moja inayozifanya kazi hizi zote vizuri, na kwa maoni yangu fedha iliyotengwa kwa taa moja kubwa sana karibu kila mara hutumika vyema zaidi ikigawanywa kwa taa mbili za wastani.

Jiulize pia kama betri inahitajika kweli. Iwapo kazi hukaa mahali pamoja kutwa nzima na soketi iko karibu, taa ya waya hugharimu kidogo na haichoki. Betri ina faida mahali ambapo umeme haujafika, mahali ambapo waya utawakwaza watu au kulala kwenye maji, darini, barabarani, na hasa wakati unapotengeneza mfumo wa umeme wenyewe, kwa kuwa swichi kuu imezimwa na taa zote za nyumba zimezimika pamoja nayo. Zipo pia taa zinazokubali vyote viwili, betri na waya wa umeme, nazo zinamfaa sana fundi anayehama kutoka jengo ambalo halijaunganishiwa umeme kwenda lililounganishiwa.

Hatua ya 2: Hesabu mwanga unaofika kwenye kazi

Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye taa. Luksi hupima mwanga unaotua juu ya kitu, na luksi 1 ni lumeni 1 iliyosambaa kwenye mita 1 ya mraba. Jicho linalofanya kazi huhitaji luksi. Lumeni ni njia tu ya kuzipata. Kwa kulinganisha, balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa takriban lumeni 800, na ile ya halojeni ya wati 500, ambayo mafundi wengi waliizoea pamoja na joto lake la kuunguza, ilitoa kama lumeni 9,000.

Luksi ngapi zinatosha? Mwezi mpevu hutoa takriban luksi 0.25, na jua kali la mchana huweza kufikia luksi 100,000. Jicho hulimudu lote hilo, ila si kwa ustadi uleule. Kanuni za usalama kazini za Marekani huweka kiwango cha chini cha takriban luksi 54 kwa eneo la kawaida la ujenzi, ambacho ni mwanga wa kumwezesha mtu atembee bila kujikwaa, si wa kumwezesha akate mbao kwa usahihi. Viwango vya Ulaya huweka luksi 500 kwa kusoma na kuandika ofisini. Kwa hiyo ukilenga luksi 100 hadi 200 kwa kazi za jumla, na 500 au zaidi kwa kupima, kukata, kuunganisha nyaya ndogo na kukagua rangi, hutakosea sana.

Sasa chukua chumba cha mita 4 kwa mita 4. Eneo lake ni mita za mraba 16, na ili upate luksi 200 kwenye sakafu yote zinahitajika lumeni 3,200 zinazofika pale. Lakini zege lisilopakwa rangi humeza mwanga mwingi, na sehemu nyingine ya mwanga hupotelea dirishani na kwenye vifaa, hivyo ni busara kuzidisha mara mbili na kutafuta lumeni 6,000 hivi. Kama kazi yenyewe iko juu ya meza yenye upana wa mita 1 ya mraba, hesabu hubadilika kabisa: taa ya lumeni 1,000 iliyowekwa karibu na kuelekezwa mezani itakupa luksi 500 bila shida.

Umbali ndio unaoamua. Taa ndogo inayotoa luksi 800 kwa umbali wa mita 1 hutoa luksi 200 kwa mita 2, na luksi 50 tu kwa mita 4, kwa sababu kila umbali unapoongezeka maradufu, mwanga uleule husambaa kwenye eneo kubwa mara nne. Ndiyo maana kuisogeza taa nusu ya njia kuelekea kwenye kazi huleta matokeo sawa na kununua taa yenye nguvu mara nne, tena bila gharama. Kumbuka vilevile kwamba jicho halihesabu kama mashine: lumeni zikiongezeka maradufu, mtu huona mwanga umeongezeka, lakini haoni kwamba umekuwa mara mbili. Tofauti kati ya taa ya lumeni 2,000 na ya 2,500 ni ya kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Angalia mwanga unavyotoka na taa inavyosimama

Mwanga wa kazi haupaswi kuwa na duara kali katikati na giza pembeni, kama wa tochi ya kumulikia mbali. Tafuta taa yenye mwanga mpana unaopungua polepole kuelekea kingoni. Zile ambazo vijitaa vyake vimefunikwa kwa kioo cheupe kama maziwa hupoteza kiasi kidogo cha mwanga, lakini huondoa vivuli vikali na vitone vinavyochoma macho, na anayefanya kazi akiwa amesimama karibu na taa hataujutia upotevu huo.

Mpangilio una uzito sawa na taa yenyewe. Taa moja nyuma yako hutupa kivuli chako juu ya kazi. Taa moja mbele yako hukupofusha. Taa mbili zilizowekwa kulia na kushoto, juu kidogo ya usawa wa macho na zikielekea chini, hufutana vivuli. Kazi moja tu inadai kinyume chake: kukagua plasta. Hapo taa huwekwa karibu kabisa na ukuta ili mwanga upite sambamba na uso wake, na kila uvimbe, shimo na mkwaruzo wa mwiko hujitokeza kwa kivuli chake. Ukuta unaoonekana kama kioo chini ya taa ya dari huweza kuaibika mbele ya taa ya pembeni, na ni heri uaibike kabla ya rangi kuliko baada yake.

Upande wa kusimama, chunguza mambo haya kwa mkono na si kwa picha. Sumaku inapaswa kuibeba taa ikiwa na betri yake hata pale chuma kinapotikiswa. Kulabu iwe na mdomo mpana wa kutosha kushika bomba au ubao, wala si msumari tu. Kichwa kizunguke na kubaki pale unapokiacha. Chini ya taa kuwe na tundu la skrubu la kufungia stendi ya miguu mitatu: la inchi 1/4 hupokea stendi za kamera, na la inchi 5/8 hupokea stendi za vifaa vya upimaji na ujenzi. Taa yenye uzito mkubwa juu na kitako kidogo chini itaangushwa siku ya kwanza, kwa hiyo isukume kidogo pembeni uone kama inarudi yenyewe.

Hatua ya 4: Chagua rangi ya mwanga, na uaminifu wake

Hapa kuna mambo mawili ambayo huchanganywa. La kwanza ni rangi ya mwanga wenyewe, inayopimwa kwa kelvini: 2,700 ni ya manjano kama balbu ya zamani, 4,000 ni nyeupe ya wastani, na kati ya 5,000 na 6,500 ni nyeupe inayokaribia mchana au kuingia kwenye buluu. Kwa kazi nyingi 4,000 hadi 5,000 hufaa. Mwanga wa 6,500 huonekana mkali zaidi lakini huchosha macho usiku, na penye vumbi au ukungu mng'ao wake husumbua.

La pili ni uaminifu, yaani jinsi taa inavyozionyesha rangi za vitu kama zinavyoonekana juani. Kipimo chake huandikwa CRI au Ra, na cha juu kabisa ni 100. Chanzo cha tatizo kiko ndani ya LED yenyewe: nyingi hutoa mwanga wa buluu, ambao sehemu yake hugeuzwa kuwa wa njano kwa kupitishwa kwenye unga maalumu, na mchanganyiko wa hizo mbili jicho huuona kuwa mweupe. Katika mchanganyiko wa bei nafuu rangi nyekundu ni haba, hivyo waya mwekundu hufanana na wa kahawia, na rangi ya ukuta iliyochaguliwa usiku hubadilika sura asubuhi. CRI ya 70 inatosha kwa kubeba matofali. Ya 80 ni ya kawaida. Anayepaka rangi, anayeunganisha nyaya, anayepiga vanishi au anayetengeneza bodi za magari asinunue chini ya 90. Hesabu ya Ra hutumia rangi 8 za mfano ambazo zote ni hafifu. Wekundu mkali hupimwa peke yake kwa alama ya R9, na mtengenezaji anayeitaja huwa na jambo la kujivunia. Boksi lisilotaja CRI kabisa lichukulie kuwa na CRI ndogo.

Hatua ya 5: Ipime betri, kisha uipime ahadi ya muda

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni taa yenye betri ya ndani inayochajiwa kwa USB. Ni nyepesi na huchajiwa popote, ila betri ikiisha katikati ya kazi taa husubiri pamoja nawe, na betri ikizeeka taa nyingi huwa zimekwisha. Ya pili ni taa inayopokea betri ileile ya drili na msumeno wako. Ukiwa tayari na betri hizo, nunua taa tupu ya mfumo huohuo bila kusita. Ni chaguo ambalo huwa nadra kujutiwa. Usidanganyike na volti, kwani betri iliyoandikwa 18 na iliyoandikwa 20 huwa na seli 5 zilezile, yaani betri ndogo zilizounganishwa ndani yake: ukihesabu volti 3.6 kwa kila seli unapata 18, na ukihesabu takriban volti 4 za seli iliyotoka kwenye chaja unapata 20. Vivyo hivyo seli 3 huitwa 10.8 au 12. Hata hivyo ufanano huo wa ndani haumaanishi kwamba betri ya kampuni moja itaingia kwenye taa ya nyingine.

Kipimo cha kweli cha akiba ya betri ni wati-saa, nacho hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Taa ya wati 20 ingeimaliza kwa saa 4 na nusu, na ukitoa upotevu wa njiani, hesabu saa 4 kasoro. Betri ya ndani iliyoandikwa miliampea-saa 10,000 husikika kubwa kuliko hiyo, lakini kwa volti 3.7 ni wati-saa 37 tu. (Anayesafiri kwa ndege na vifaa vyake ajue kwamba betri inayozidi wati-saa 100 huhitaji kibali cha shirika la ndege, ya ampea-saa 5 inapita, ya ampea-saa 6 ina wati-saa 108.)

Kutokana na namba hizo unaweza kuipima ahadi ya boksi bila kuiwasha taa. Zidisha lumeni zilizotangazwa kwa saa zilizotangazwa, kisha ugawe kwa wati-saa za betri. Taa nzuri za kazi hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati, na chache huzidi hapo. Chukulia taa yenye wati-saa 37 inayodai lumeni 5,000 kwa saa 5: jibu ni takriban lumeni 675 kwa wati. Hata mwanga wa kijani peke yake, ambao jicho huupokea vizuri kuliko rangi nyingine yoyote, una kikomo cha kimaumbile cha lumeni 683 kwa wati, na mwanga mweupe hauwezi kukikaribia. Ahadi hiyo haiwezekani kwa pamoja. Ama lumeni 5,000 ni za dakika chache, ama saa 5 ni za mwanga uliofifia.

Mara nyingi hapo hapana uongo wa moja kwa moja, bali vipimo viwili vya nyakati tofauti vilivyowekwa mstari mmoja. Katika kiwango cha ANSI FL 1, kinachotumiwa sana kwa tochi na taa za mkononi, muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga uanguke na kubaki asilimia 10 tu ya ule wa mwanzo. Taa ya lumeni 2,000 iliyobakiwa na 200 bado inahesabiwa kuwa inawaka. Vilevile taa nyingi hushusha mwanga zenyewe baada ya dakika chache ili kujikinga na joto. Taa ya LED haichomi kwa mwanga wake kama halojeni, lakini joto lake hujikusanya nyuma ya vijitaa, nalo huhitaji mgongo wa alumini wenye mapezi ili litoke. Kwa hiyo tafuta mtengenezaji anayetoa muda wa kila kiwango cha mwanga kando, na ukiona mwili mdogo wa plastiki unaodai lumeni nyingi, jua utafifia.

Hatua ya 6: Ilinganishe na mazingira yake

Alama ya IP hufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na huishia 6, ya pili ni ya maji. IP54 huvumilia vumbi la kawaida na maji ya kurushiwa, na yatosha kwa kazi nyingi za ndani. IP65 haipitishi vumbi kabisa na huvumilia maji ya mpira, hivyo ndiyo ya kutafuta kwa kazi za nje na za kukata vigae. IP67 huvumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Herufi X badala ya tarakimu, kama katika IPX4, humaanisha kwamba upande huo haukupimwa. Hakikisha pia kifuniko cha tundu la kuchajia kinabana, kwa kuwa ulinzi wote uliotajwa huisha kifuniko kikiachwa wazi. Kwa kuanguka, kipimo cha mita 1 kinafaa nyumbani, na mita 2 ni cha anayepanda ngazi.

Kuna mahali pamoja ambapo hakuna taa yoyote iliyotajwa hadi hapa inayoruhusiwa: penye gesi inayovuja, mvuke wa petroli, mafusho ya vimumunyisho vya rangi, au vumbi linaloweza kulipuka. Swichi ya kawaida au mguso wa betri hutosha kuwasha moto. Huko hutumika taa zilizothibitishwa kwa mazingira ya mlipuko, zenye alama kama ATEX au IECEx, na alama ya IP haichukui nafasi yake hata iwe kubwa kiasi gani.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla muda wa kuirudisha haujapita

Ichaji taa hadi ijae, iwashe kwenye kiwango cha juu kabisa katika chumba chenye giza, na uweke saa. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga na programu za kukisoma. Namba zake si za kuaminiwa peke yake, lakini zinafaa kulinganisha. Weka simu mahali pamoja pasipobadilika na uandike kipimo baada ya dakika 1, 10, 30 na 60. Taa iliyopoteza zaidi ya nusu katika dakika 30 huenda bado ikafaa, ila sasa unajua lumeni zake halisi.

Kisha punguza mwanga hadi kiwango cha chini na upeperushe penseli haraka mbele yake. Ukiona penseli nyingi zilizokatikakatika badala ya ukungu mmoja laini, taa inapepesa, yaani inawaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoweza kutambua. Kamera ya simu katika mwendo wa polepole huonyesha jambo hilohilo kwa mistari au mapigo. Kupepesa huumiza kichwa, lakini hatari yake kubwa ni kwenye mashine zinazozunguka, kwa kuwa diski ya msumeno inaweza kuonekana imesimama au inarudi nyuma taratibu ilhali inazunguka kwa kasi yote. Taa ya namna hiyo isiwekwe karibu na mashine, hata kama ni nzuri kwa mengine yote.

Malizia kwa kuishika ukiwa umevaa glavu. Bonyeza swichi, geuza kichwa, toa betri na uirudishe bila kuangalia. Angalia kama kuna taa ndogo za kuonyesha chaji iliyobaki, na kama mwanga hupungua hatua kwa hatua kabla ya kuzimika, kwani giza la ghafla juu ya ngazi ni jambo la hatari. Ukiridhika, iweke kazini, na siku ambazo haitumiki ihifadhi betri mahali pakavu pasipo joto ikiwa na chaji ya karibu nusu. Isichajiwe ikiwa imepoa chini ya nyuzi 0 za selsiasi. Iingize ndani kwanza, ipate joto la chumba, ndipo uiunganishe na chaja.